Nani Alipofuka Kwenu?

Mhadhara kwa wananchi katika Wiki ya Glakoma Duniani



Kabla sijaeleza chochote, naomba sote tunyooshe mikono mbele, ngumi mbili zikigusana, vidole gumba vikiwa juu. Fumba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia tazama ukucha wa kidole gumba cha kushoto, wala usibanduke hapo. Sasa kisogeze kidole cha kulia taratibu kuelekea kulia, huku bado unatazama kile cha kushoto. Kikifika umbali unaokaribia urefu wa kalamu, ukucha wake utapotea. Kisogeze zaidi, utarudi.

Naona waliocheka ndio waliofanikiwa. Ambao hakikupotea kitu, huenda jicho lilikimbilia upande wa kulia. Mtajaribu tena nyumbani. Jambo hili lilielezwa na Mfaransa Edme Mariotte katika miaka ya 1660, na halina uhusiano na ugonjwa wowote. Kila mmoja wetu ana pengo la namna hii katika kila jicho tangu kuzaliwa. Tumeishi nalo miaka yote bila habari, kwa sababu ubongo haukubali kuona tundu. Hukopa rangi za jirani ukaziba, ukuta ukabaki ukuta na anga ikabaki anga.

Pengo hilo ndilo mahali ambapo mshipa wa fahamu wa jicho unatokea nyuma kwenda kwenye ubongo. Nyuzi zaidi ya milioni moja, nyembamba kupita kiasi, hukusanyika hapo na kupenya kwenye kitundu kisichozidi milimita mbili hivi. Glakoma hushambulia hapo hapo. Nyuzi zikifa, mapengo mapya yanajitokeza, kwanza pembeni mwa upeo wa macho, na ubongo unaendelea kuziba kama ulivyozoea. Ndiyo maana huwa nasita ninapoona mabango yanayochora glakoma kama mtu anayechungulia ndani ya bomba jeusi. Wagonjwa wangu karibu wote hawaoni weusi wowote. Wanaona dunia kamili ambayo baadhi ya vitu vyake havimo: ngazi ya mwisho, kona ya meza, pikipiki inayotokea kushoto.

Na watu pia hukosekana. Mzee mmoja aliletwa kliniki na wanawe si kwa sababu ya macho, bali kwa sababu kijiji kilikuwa kimeanza kumsema kwamba amekuwa na majivuno. Anapita barabarani, watu wanamwamkia kutoka pembeni, hajibu. Akitazama mbele anasoma “Biashara za Leo” kwenye kibao cha duka bila shida. Jicho lake la kulia lilikuwa limebakiwa na kijisehemu cha katikati tu. Katikati ndiko tunakosomea, ndiko tunakotazamia uso wa mtu, na katika glakoma nyingi ndiko kunakokufa mwisho. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma herufi ndogo kabisa za ule ubao wa kupimia macho, akatoka akijisifu, na huku mshipa wake umeshapoteza nusu ya nyuzi.

Sasa tuje kwenye chanzo. Ndani ya jicho, nyuma ya kile kioo cha mbele tunachokiita konea, kuna maji. Si machozi, machozi huosha jicho kwa nje. Maji haya hutengenezwa humo humo ndani, nyuma ya ile sehemu yenye rangi, hupita kwenye mboni kuja mbele, huilisha konea na lenzi ambazo hazina mishipa ya damu, kisha hutoka kupitia kichujio kilichoko kwenye pembe, pale konea inapokutana na sehemu ya rangi. Ni mfano wa karo lenye bomba lisilofungwa hata siku moja: maji hayapandi maadamu tundu la chini linapitisha. Glakoma iliyozoeleka kwetu ni ile ya pembe iliyo wazi. Ukitazama, njia iko, ila kichujio kimezembea taratibu kwa miaka, presha imepanda, na mshipa ule wa nyuma ndio unaobeba mzigo.

Presha hiyo si presha ya damu. Mtu anayefungwa mkanda mkononi kila mwezi kwenye zahanati na kuambiwa yuko salama bado hajapimwa jicho. Presha ya jicho ina kifaa chake, hupimwa kwa milimita za zebaki, na kwa kawaida tunasema iwe kati ya 10 na 21.

Nilisema “tunasema”, maana hiyo 21 imeleta madhara yake. Katika utafiti wa Baltimore, Marekani, uliotangazwa mwaka 1991, karibu nusu ya watu waliokutwa na glakoma walikuwa na presha isiyozidi 21 siku walipopimwa. Presha hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Konea ikiwa nyembamba, kifaa husoma chini ya ukweli, na utafiti mwingine mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2002 ulionyesha kwamba wenye konea nyembamba ndio hasa wa kuangaliwa. Tena wapo watu ambao mshipa wao ni dhaifu kiasi kwamba presha inayoitwa ya kawaida inawamaliza. Wapo pia wenye 25 kwa miaka na mshipa wao haujaguswa. Mtaniwia radhi wenzangu mnaoendesha kambi za kupima presha ya macho sokoni na kwenye viwanja vya maonyesho, lakini kumpima mtu presha peke yake, ukamwandikia 17 na kumwambia nenda salama, pengine kunamdhuru kuliko kutompima. Atarudi nyumbani na karatasi ya kumtuliza, na hatakanyaga kliniki kwa miaka kumi. Ukitaka kuijua glakoma, utazame mshipa wenyewe. Kifaa cha kuutazamia kimekuwepo tangu Hermann von Helmholtz alipokitangaza mwaka 1851, na leo kinaingia mfukoni mwa koti.

Ni nani basi aliye hatarini? Umri ndio wa kwanza. Baada ya miaka 40 hatari inapanda kila muongo. Hilo halina mjadala, nalipita.

La pili ni asili, na hapo napenda tutulie. Huko Baltimore, Wamarekani weusi walikutwa na glakoma ya pembe iliyo wazi mara nne hadi tano zaidi ya weupe wa mji ule ule. Katika kisiwa cha Barbados, mwaka 1994, watafiti walikuta takriban watu weusi 7 katika kila 100 wenye miaka 40 na kuendelea wana ugonjwa huu. Tema, mji wa bandari nchini Ghana, hesabu iliyotoka mwaka 2013 ilikaribia hiyo hiyo, na katika wale waliokutwa nao, takriban 3 tu kati ya 100 walikuwa wanajua kwamba wanao. Rudieni hapo: watu 97 katika kila 100 wenye ugonjwa walikuwa wanaendesha magari, wanauza samaki, wanafundisha, bila habari.

Na sisi Watanzania je? Sisi tuna Kongwa. Wazee wanaikumbuka Kongwa ya Dodoma kwa karanga za Waingereza zilizogoma kuota, lakini madaktari wa macho duniani wanaijua kwa mengine. Mwaka 2000 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya watu 3,200 wa vijiji vya huko, wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Takriban 4 kati ya 100 walikuwa na glakoma ya aina moja au nyingine. Ni chini ya Tema na Barbados, na hilo linatufundisha kwamba kusema “Waafrika” kana kwamba ni watu wa aina moja ni uvivu. Ila 4 kati ya 100 si wachache. Katika ukumbi huu, tukiwatoa vijana waliobaki mlangoni kwa kukosa viti, hesabu hiyo inatupa watu kadhaa.

La tatu ndilo lililonileta hapa: damu ya ukoo. Huko Rotterdam, Uholanzi, watafiti hawakungoja watu waje kliniki. Waliwafuata ndugu na watoto wa wagonjwa, wakawafuata pia ndugu na watoto wa watu wasio na ugonjwa, wakawapima wote kwa mizani moja. Matokeo yalitoka mwaka 1998. Kwa ndugu wa mgonjwa, uwezekano wa kupata glakoma hadi uzeeni ulikadiriwa kuwa 22 kati ya 100. Kwa wale wengine ulikuwa kama 2. Hatari zaidi walikuwa ndugu wa tumbo moja, kuliko hata watoto.

Sasa muulize mtu wa kwetu: nani alipofuka kwenu? Utaambiwa hakuna. Endelea kuuliza, taratibu, kwa adabu. Bibi? “Aa, bibi alikuwa haoni, lakini ule ulikuwa uzee.” Mjomba wa Tanga? “Yule alirogwa na mke mwenza wa mama yake, mambo ya shamba.” Shangazi? “Shangazi alifanyiwa upasuaji wa jicho, wakamharibu.” Tayari umepata watatu, na kila mmoja ana maelezo yake yanayomtenga na mwenzake. Mimi sisemi wote watatu walikuwa na glakoma. Mtoto wa jicho ndiye anayepofusha watu wengi kuliko wote, na trakoma nayo imefanya yake. Nasema kwamba hizo hadithi tatu zinastahili kuwekwa mezani pamoja mbele ya daktari. Katika familia nyingi zimewekwa katika vyumba tofauti kwa sababu upofu wa mzee unaonekana ni jambo la kumsitiri. Tumsitiri, lakini wajukuu wake waambiwe.

Hatari ya nne ni ya kujitakia, na ndiyo inayonikasirisha, maana kuna biashara ndani yake. Mtoto ana mzio wa macho. Macho yanawasha, yanakuwa mekundu, anayafikicha usiku kucha, ule weupe unageuka rangi ya udongo. Hospitali anapewa matone yenye steroidi ya wiki mbili. Anapona kama mchezo. Baada ya mwezi mwasho unarudi, na mama, ambaye ana chupa tupu na hana nauli ya kwenda hospitali, anaipeleka chupa ile duka la dawa. Muuzaji anasoma jina, anatoa nyingine. Chupa tupu imekuwa cheti cha daktari. Mwaka unapita hivyo, wakati mwingine mitatu, na jicho jeupe linalopendeza lina presha ya 40. Katika watu wa kawaida takriban theluthi moja hupandwa na presha wakitumia matone ya steroidi kwa wiki kadhaa. Kwa wachache hupanda vibaya sana, na wenye glakoma katika ukoo wako mbele ya foleni. Sikatazi dawa hiyo, naiandika kila wiki. Lakini isiingie jichoni bila mtu wa kupima presha, na duka la dawa halina kipimo hicho.

Mko kimya, kwa hiyo niongeze na mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha uso zimechanganywa steroidi kali, klobetasoli na ndugu zake, hata kama kopo halisemi. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko yoyote mwilini. Unayojipaka usoni usiku kwa miaka mitano yanafika jichoni. Tukimkuta dada wa miaka 28 ana glakoma bila mtu yeyote kwao kuwa nayo, tunamwuliza anatumia nini usoni, na mara nyingi jibu linachelewa kutoka.

Nyingine nazitaja kwa haraka. Wanaoona karibu tu, yaani wenye miwani mizito ya kuonea mbali, wako hatarini zaidi. Aliyepigwa jichoni na mpira, fimbo au kipande cha kuni anaweza kupata glakoma hata baada ya miaka ishirini, akiwa ameshasahau lile pigo. Na mwenye selimundu akivuja damu ndani ya jicho awahi hospitali siku hiyo hiyo, maana seli zake huziba kile kichujio kwa urahisi. Wapiga tarumbeta wa harusi, utafiti umeonyesha kwamba presha ya jicho hupanda mnapopuliza kwa nguvu. Mwenye glakoma kwao akapime, wengine endeleeni kutuchezesha.

Kuna aina mbili ambazo hazifuati tabia hii ya ukimya. Moja ni ya pembe iliyofungwa. Jicho moja linauma ghafla hadi kichwani, linakuwa jekundu, taa zinazungukwa na duara za upinde wa mvua, mtu anatapika. Huwakuta zaidi watu wa Asia ya Mashariki, ila Kongwa nako ilionekana. Kwa sababu ya kutapika na kichwa, mgonjwa anaweza kutibiwa malaria siku mbili huku jicho linakufa. Hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Nyingine ni ya kuzaliwa. Jicho la mtoto mchanga ni laini, presha inalitanua. Mtoto ana macho makubwa ya kuvutia, jirani wanayasifu, lakini yanatiririka machozi, yanakimbia mwanga, na kioo chake kina ukungu. Aina hii huonekana zaidi wazazi wanapokuwa ndugu wa damu; Saudia ni miongoni mwa nchi ambako imeonekana sana, na kwetu pwani ndoa za binamu si jambo geni. Ukiona macho makubwa yenye ukungu, usisifu. Mpeleke.

Tiba zote tulizonazo zinafanya jambo moja tu, kushusha presha. Hakuna inayofufua uzi uliokufa. Dawa ya kwanza kabisa ilitoka Afrika: maharage ya Calabar, Nigeria ya leo, ambayo watu wa huko waliwanywesha watuhumiwa kama kiapo, mwenye hatia afe. Katika miaka ya 1870 Ludwig Laqueur, daktari wa Strasbourg ambaye mwenyewe alikuwa na glakoma, aliitumia dawa iliyotolewa kwenye maharage hayo kushusha presha ya jicho. Leo tunatumia zaidi timololi na dawa za kundi la latanoprosti. Timololi ni rahisi na imeokoa macho mengi, ila mwenye pumu au mapigo ya moyo ya polepole asiiguse kabla ya kumwambia daktari. Tone la jicho hufika kwenye mapafu. Ukishadondosha, fumba jicho na ubonyeze kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili. Tone moja linatosha. La pili humwagika shavuni, na chupa inaisha kabla ya mwezi.

Je, dawa zinasaidia kweli? Huko Malmö, Sweden, wagonjwa 255 waligawanywa, nusu wakatibiwa mara moja, nusu wakaachwa kwa uangalizi. Matokeo ya 2002 yalionyesha kwamba tiba ilipunguza hatari ya ugonjwa kusonga mbele kwa karibu nusu, na kila milimita moja ya presha iliyoshushwa ilikuwa na thamani ya takriban asilimia 10. Lakini Malmö dawa haikosekani dukani. Kwetu mtu ananunua chupa ya Januari, Februari ada ya shule inaimeza. Hana maumivu, haoni tofauti, ataacha tu. Mimi pia ningeweza kuacha. Ndiyo sababu naupenda utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliotoka mwaka 2021. Wagonjwa 201 waligawiwa kwa bahati nasibu, wengine matone ya timololi, wengine leza inayozindua kile kichujio, kazi ya dakika chache bila kulala wodini. Baada ya mwaka, leza ilikuwa imefanikiwa katika macho 61 kati ya 100, timololi 31. Wengine walihitaji kurudiwa leza, na si kila jicho linaitikia. Hata hivyo, kwa nchi ya watu wanaokatiza dawa, naona fedha za mashine ya leza katika hospitali ya mkoa ni fedha zenye akili kuliko shehena ya chupa.

Halafu kuna upasuaji, wa kuyafungulia maji njia mpya chini ya kope la juu. Hapa ndipo tunapogombana na wagonjwa, na kosa ni letu, hatuelezi mapema. Jirani alitolewa mtoto wa jicho, kesho yake akahesabu nyota. Wewe unatolewa kwenye chumba kile kile, umelipa zaidi, jicho linakwaruza, na unaona kama jana, pengine pungufu kidogo. Unasema umeharibiwa, kama yule shangazi. Upasuaji wa glakoma ukifaulu, ushahidi wake ni kwamba baada ya miaka kumi bado unamtambua mjukuu kwa sura. Asiyekuambia hivyo kabla ya kukulaza mezani hajakutendea haki.

Kwa hiyo, aliye na glakoma humu ndani, kazi yako wiki hii ni simu. Kaka, dada, watoto waliofika miaka 40, na walio chini yake kama kuna aliyepofuka kijana. Waambie wasiombe “kupimwa miwani”. Waseme ndugu yangu ana glakoma, naomba nitazamwe mshipa wa nyuma ya jicho. Waje na chupa za dawa zote wanazotumia, na krimu pia, hata kwenye mfuko mweusi, hatutamwonyesha mtu. Watawekewa matone ya kutanua mboni, mwanga utawasumbua saa kadhaa, basi siku hiyo wasije wakiendesha pikipiki wenyewe. Wakikutwa salama, warudi baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa kadiri watakavyoambiwa.

Mwenyekiti, muda wangu umeisha. Yule mama wa dirishani amenyoosha mkono tangu nilipotaja mkorogo, tuanze naye.